Jibu: Kwa nini wa kushoto na wa kulia wanakutana kwenye kukataa chanjo?

Mkuu, umeuliza inakuwaje watu wasiopatana kisiasa kwa lolote wakutane kwenye kuikataa chanjo. Naona wanafika hapo kwa njia tofauti. Wa mrengo wa kulia mara nyingi anachokataa ni amri: serikali isimwingilie mwili wake wala wanawe. Si jambo jipya. Uingereza ilipolazimisha watoto wachanjwe ndui kwa sheria ya 1853, upinzani ulikua hadi maandamano makubwa ya Leicester mwaka 1885. Wa kushoto huhofia zaidi kampuni za dawa na faida zao, au anaamini kwamba cha asili ndicho salama.

Halafu kuna wasio na mrengo, wenye kumbukumbu tu, na hawa ndio wanaoniuma. Kule Tuskegee, Marekani, katika utafiti wa serikali, wanaume weusi wenye kaswende waliachwa bila tiba tangu 1932 hadi 1972, hata penisilini ilipokwisha kupatikana. Pakistani nako, CIA, shirika la ujasusi la Marekani, ilitumia kampeni bandia ya chanjo kumsaka Osama bin Laden. Baadaye wachanjaji wa polio wakauawa. Ukimwita mjinga mtu mwenye hofu ya namna hiyo, umeshampoteza.

Makala ya daktari Mwingereza Andrew Wakefield ya 1998, iliyohusisha chanjo ya surua na usonji, ni kitu kingine kabisa: haikuwa ya kweli, na jarida lililoichapisha liliifuta 2010, lakini bado inatisha wazazi.

Wanaokubali nao wengi hawajasoma utafiti wowote. Wanamwamini muuguzi wanayemfahamu. Mimi ningeanza na huyo muuguzi, kabla ya hotuba ya waziri yeyote.