Mdogo wako asisukume kiti kwa kudonoa

Dada uliyeuliza kuhusu mdogo wako wa Tukuyu, aliyeanguka kwenye mparachichi akaumia uti wa mgongo, na sasa baada ya miezi minne kwenye kiti mwendo analalamika mabega: poleni sana. Mimi niko Mbeya mjini, mwaka wa tisa kwenye kiti, ajali ya pikipiki, kuanzia kiunoni kushuka sina hisia. Hayo mabega msiyapuuze hata kidogo. Anayategemea kwa kila kitu sasa, hata kuhamia kitandani.

Mwangalie anavyosukuma. Wengi wetu tunaanza kwa kudonoa: unashika ringi, ile duara ya kusukumia iliyo nje ya gurudumu, juu kabisa, unasukuma kidogo, unaachia, unashika tena, haraka haraka. Nilikwenda hivyo miaka miwili, mpaka kuinua birika la chai ikawa kazi. Mkono uanzie nyuma kidogo ya nyonga, uisindikize ringi taratibu hadi mbele, uachie, kisha udondoke chini ya ringi na urudi nyuma huko huko chini, kama bembea. Usirudi kwa juu. Misukumo mirefu na michache, basi.

Mlimani ni habari nyingine. Nikipanda mitaa ya kuelekea mlima Loleza, nikichelewa kushika tena, kiti kinarudi nyuma. Hapo unainama mbele, misukumo inakuwa mifupi na mikono haiendi mbali na ringi. Kushuka, acha ringi iteleze viganjani huku ukiibana kidogo kidogo. Inapata moto kweli, avae glovu za ngozi. Na kwa mvua za Tukuyu ringi ikilowa haishikiki, asiteremke peke yake.

Sasa kiti chenyewe. Akae wima, mikono ining'inie: ncha za vidole zifike kwenye ekseli, yaani chuma cha katikati, ya gurudumu kubwa. Ekseli ikiwa nyuma sana, kila msukumo bega linajipinda kuitafuta ringi. Kama kiti kina matundu ya kuisogeza, fundi baiskeli ailete mbele tundu moja, ila siku za kwanza mtu asimame nyuma yake, maana kitapinduka kinyumenyume kirahisi zaidi. Na upepo! Tairi laini inamaliza mabega. Mimi nazibonyeza kwa dole gumba kila Jumatatu.

Kama vidole vyake havikamati, fungeni ringi kwa tyubu ya baiskeli, asukume kwa viganja. Maumivu yakimwamsha usiku, apelekwe kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, asiishie kwenye vidonge.

Mpime leo, uje uniambie vidole vimefika wapi.