Maswali na Majibu: Seva ipi italibeba jukwaa letu?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mmoja wa wasimamizi wa kundi la wafugaji wa kuku hapa Morogoro. Kundi letu la WhatsApp limejaa: tumefika watu 1,024, na wengine bado wanaomba kuingia. Isitoshe, kila wiki kuna anayeuliza upya kuhusu ugonjwa wa mdondo, kwa kuwa majibu mazuri ya mwezi uliopita yamekwisha kusombwa na salamu. Tumeamua kufungua jukwaa letu wenyewe kwenye intaneti. Kampuni moja inatuuzia kifurushi cha mwaka kwenye seva ya pamoja, yaani kompyuta moja inayobeba tovuti za wateja wengi, chenye nafasi ya kuhifadhi “isiyo na kikomo” kwa bei ndogo. Nyingine inatushauri tukodi seva pepe, yaani sehemu ya kompyuta iliyotengwa kwa ajili yetu peke yetu, kwa bei inayokaribia mara tatu ya hiyo. Tuchukue ipi?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, kwa hali uliyoieleza ningeanza na seva ya pamoja, lakini si kwa sababu ya hilo tangazo la nafasi isiyo na kikomo, kwani nafasi ndicho kitu ambacho hamtapungukiwa. Ujumbe 100,000, kila mmoja ukiwa na herufi 500, hautazidi sana MB 50. Picha ndizo zitakazokula nafasi, nazo zinaweza kupunguzwa ukubwa kabla ya kupandishwa.

Kinachoielemea seva ya jukwaa ni kazi. Tovuti ya shule huandikwa mara moja, kisha kila mgeni hupewa ukurasa ule ule. Katika jukwaa, kila mwanachama anapofungua mada seva huiuliza hifadhidata upya ni nani ameandika, ni ujumbe upi huyu hajausoma, na ana ruhusa ya kuona nini. Ikitokea habari ya ugonjwa saa tatu usiku na watu 60 wakafungua mada moja kwa pamoja, prosesa na RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) ndivyo vitakavyozidiwa. Kwa hiyo muulize muuzaji, na akujibu kwa maandishi, kifurushi chake kinaruhusu michakato (kazi zinazoendeshwa) mingapi kwa wakati mmoja, RAM kiasi gani, na jumla ya faili ngapi. Vikomo hivyo huwamo ndani ya masharti hata pale tangazo linaposema hakuna kikomo, na asiyetaka kuvitaja hafai kupewa fedha za wanachama.

Programu mtakayoitumia nayo inaamua mengi. phpBB, ambayo imekuwapo tangu mwaka 2000, hutumia PHP (lugha ya programu) na MySQL (programu ya hifadhidata) na hufanya kazi vizuri kwenye seva ya pamoja. Discourse, iliyoanza mwaka 2013, ni nzuri zaidi kwenye simu, lakini huhitaji seva yake yenyewe yenye RAM isiyopungua GB 1, na GB 2 ndizo zinazoiacha ipumue. Kukodi seva pepe ni kama kupanga nyumba tupu, ambapo mlinzi, kufuli na ukarabati vyote ni juu ya mpangaji. Kama hakuna kati yenu anayeweza kuketi mbele ya Linux, mfumo unaoendesha seva hiyo, kila mwezi na kuweka masasisho ya usalama, msiikodi kwa sasa. Jambo moja dogo husahaulika hapa: watoa huduma wengi wa seva pepe hufunga mlango wa 25 wa kutuma barua pepe, na bila barua pepe mwanachama mpya hawezi kuthibitisha akaunti, wala aliyesahau nenosiri hawezi kurudi.

Sasa nakala rudufu, jambo ambalo naliomba mlitilie maanani kuliko bei. Tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza jengo la seva la kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa, na baadhi ya wateja walipoteza kila kitu, wakiwamo waliokuwa na nakala zilizohifadhiwa pale pale. Nakala ikilala chumba kimoja na jukwaa, haijaokoa chochote. Mimi mwenyewe niliwahi kusimamia jukwaa la walimu, na mtoa huduma wetu alipopata hitilafu nilirejesha hifadhidata kwa furaha, nikakuta maneno yote yapo ila kila palipokuwa na picha pana kisanduku kitupu. Nilikuwa nimenakili hifadhidata peke yake, wakati phpBB huweka viambatisho katika folda iitwayo “files”. Michoro ya walimu wale haikupatikana tena, na mpaka leo inaniuma. Kwenu ninyi, picha ya kuku aliyepinda shingo ndilo swali lenyewe. Kwa hiyo, kabla ya kumwalika mwanachama wa kwanza, pandisheni picha chache, chukueni nakala nzima, irejesheni kwenye kompyuta nyingine, na mtazame kama zinaonekana.

Jina la tovuti lisajiliwe kwa jina la kikundi, si la fundi. Kama mnataka jina linaloishia na .tz, tumieni wakala anayetambuliwa rasmi. Na kwa kuwa mtahifadhi namba za simu za watu, someni Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, kisha waulizeni TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, kuhusu kanuni za maudhui mtandaoni.

SWALI: Je, seva ya jukwaa iwe Nairobi au Ulaya?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Mwanga ndani ya waya wa kioo husafiri takribani kilomita 200,000 kwa sekunde, na kutoka Mombasa hadi Frankfurt, hata kwa mstari ulionyooka, ni zaidi ya kilomita 6,000. Kwenda na kurudi ni milisekunde 60 kwa uchache, na ukurasa salama huhitaji safari kama tatu kabla ya herufi ya kwanza kufika. Msomaji ataona tofauti, ingawa si ya kumkimbiza. Lenye uzito zaidi ni lililotokea tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ya Afrika Mashariki ikadorora. Mkenya anayefungua seva iliyoko Nairobi, iliyounganishwa na KIXP, kituo ambako mitandao ya Kenya hubadilishana data humo humo nchini, hahitaji kuvuka bahari. Bei zikikaribiana, wekeni jukwaa Nairobi, na nakala rudufu zake ziende Ulaya kila usiku.