Gari lililotelekezwa sevisi: uweke oili gani, na uanzie wapi

Ukinunua gari la mtu, tuseme IST, Raum au Premio ya CC 1500, odometa inasoma kilometa 180,000 na hakuna hata karatasi moja ya sevisi, swali la kwanza huwa ni oili gani iwekwe. Mafundi wengi watakwambia 20W-50, kwa hoja kwamba injini imechoka na inataka oili nzito. Ushauri huo umeua injini nyingi ambazo zilikuwa bado zinaokoleka. Uzito wa oili haurudishi chuma kilicholika. Injini iliyotelekezwa inataka oili ya uzito wake, ya daraja zuri, imwagwe mapema kuliko kawaida na ibadilishwe pamoja na filta kila mara.

Kabla ya kwenda dukani, fungua kifuniko cha kujazia oili na mulika ndani kwa tochi ya simu. Ukiona chuma kimebadilika kuwa cha kahawia lakini kiko safi, hali si mbaya. Ukiona tope jeusi limeganda juu ya kamshafti na kwenye kuta za kava ya tapeti, ujue oili ilikaa humo miaka, na kuna tope jingine zaidi chini kwenye sampo (bakuli la oili chini ya injini). Kisha washa injini dakika tano, izime, na umwage oili ya zamani kwenye beseni safi. Iache itiririke dakika ishirini. Vipande vinavyong'aa vya chuma maana yake beringi zinalika. Oili yenye rangi ya maziwa ina maji, na mara nyingi chanzo ni gasketi ya silinda hedi. Ikinuka petroli, angalia plagi, koili na injekta kwanza. Hakuna oili ya dukani inayotibu hata kimoja kati ya hivyo vitatu, kwa hiyo hela usianze kuimalizia hapo.

Sasa namba. Namba iliyo mbele ya W inaeleza oili inavyotiririka injini ikiwa ya baridi, na ya nyuma inaeleza uzito wake kwenye joto la nyuzi 100. Kwa vipimo vya SAE (jumuiya ya wahandisi wa magari), oili ya 30 ikiwa kwenye joto hilo huwa na mnato kati ya senistoki 9.3 na 12.5, na ya 50 kati ya 16.3 na 21.9. Hiyo ni tofauti kubwa sana kwa injini ya VVT-i kama 1NZ-FE, ile ya IST, Raum na Premio za CC 1500. Mfumo wa VVT-i, unaobadilisha muda wa valvu kufunguka, husogeza pembe ya kamshafti kwa presha ya oili inayopita kwenye valvu yenye chujio dogo sana. Tensheni ya cheni ya taimingi nayo hujazwa na oili hiyohiyo. Ukiweka 20W-50, asubuhi ya Julai pale Njombe au Limuru utasikia cheni ikigonga sekunde kadhaa kabla oili haijafika juu, na sekunde hizo ndizo zinazokula chuma. Kwenye injini yenye tope, njia zimeshakuwa nyembamba, na oili nzito ndiyo inayochelewa zaidi kupita.

Wapo wanaosema 5W-30 itageuka maji kwenye joto la Dar. Injini haifanyi kazi kwenye joto la nje. Themostati huishikilia kwenye joto lake la kazi ikiwa Dar au Iringa, mradi mfumo wa kupooza ni mzima. Kama gari linachemsha kwenye foleni ya Mbagala, tengeneza redieta na feni.

Uzito upi basi? Amua kwa kipimo. Simamisha gari sehemu tambarare, subiri dakika kumi baada ya kuzima, jaza hadi alama ya F kwenye stiki, andika kilometa. Halafu kila wiki pima, na unachoongeza ukipime kwa kopo lenye mililita. Kwa 1NZ-FE inayokula chini ya nusu lita kwa kilometa 2,000, weka 5W-30 au 10W-30 ya API SN au SP (herufi za daraja la ubora kwenye dumu). Ikila nusu lita hadi lita moja kwa umbali huo, panda hadi 5W-40 au 10W-40. Ikivuka lita moja kwa kila kilometa 1,000, imepita kikomo ambacho vitabu vingi vya Toyota hukitaja, na hapo tatizo ni ringi za pistoni au sili za valvu. Tumia 15W-40 ya bei nafuu huku ukijiandaa kuifungua injini. Moshi wa bluu unaotoka kwa mkupuo asubuhi tu halafu ukaisha, shuku sili za valvu. Ukitoka mfululizo unapopanda mlima, shuku ringi.

Kabla ya kuhukumu ringi, chomoa valvu ya PCV (inayotoa mvuke uliomo ndani ya injini) uitikise. Nzima hulia. Iliyoziba haitoi sauti, na ikiziba presha ya ndani husukuma oili ipite kwenye sili na kuingia kwenye njia ya hewa. Ni kipuri cha bei ndogo na watu wengi huruka hatua hii.

Kuna injini ambazo kula oili ni ugonjwa wa kuzaliwa nao. 1ZZ-FE za mwanzo, za Premio, Allion na Spacio za CC 1800, zina pistoni zenye matundu madogo ya kurudishia oili, na yakiziba kaboni, ringi hunata. 2AZ-FE zinazopatikana kwenye Vanguard na Alphard nazo zinajulikana kwa kula oili. Kule Marekani Toyota ililazimika kuongeza muda wa dhamana kwa Camry za 2007 hadi 2009 zenye injini hiyo. Kwenye hizi, kuchelewesha sevisi kunaadhibu haraka zaidi.

Kuhusu kusafisha: usikubali injini imwagiwe mafuta ya taa au dizeli, wala dawa ya kuflashi ya dakika kumi kwenye injini yenye tope zito. Tope likibanduka kwa vipande, huvutwa hadi kwenye strena (chujio la kunyonyea) ya pampu, strena inaziba, presha inashuka, na beringi za krenki zinakauka huku injini inazunguka. Taa ya oili ikiwaka, madhara yameshaanza. Njia salama ni ya polepole: jaza oili mpya, tembea kilometa 1,000, mwaga. Jaza tena, tembea 2,500, mwaga. Kisha baki kwenye 5,000. Visafishaji vilivyomo ndani ya oili yenyewe vitayeyusha tope kidogo kidogo na filta italibeba. Oili ya pili kuwa nyeusi mapema ni ishara kwamba inafanya kazi. Tope likiwa nene mno, shusha sampo uioshe pamoja na strena. Wakati wa kurudisha, silikoni ipakwe mstari mwembamba. Inayofinyangwa kuingia ndani hukatika na kwenda kuziba strena uliyoisafisha.

Wapo wanaosema oili ya sintetiki "hufumua" sili. Haifumui. Inachofanya ni kuondoa tope lililokuwa limeziba sili iliyokwisha kufa, na uvujaji uliokuwepo unaonekana. Oili zilizoandikwa kuwa za magari yenye kilometa nyingi zina viungo vya kulainisha mpira uliokakamaa na hupunguza majasho, ila sili iliyopasuka haziifungi.

Kwa 1NZ-FE andaa lita 3.7 pamoja na filta, spana namba 14 na washa mpya ya nati ya sampo. Ukitoa filta ya zamani, hakikisha ringi yake ya mpira imetoka nayo. Ikibaki imenata kwenye bloku na mpya ikakaa juu yake, oili yote inaweza kumwagika barabarani. Paka oili kwenye mpira wa filta mpya, izungushe kwa mkono hadi iguse, kisha ongeza robo tatu ya mzunguko. Usijaze kupita F, kwa sababu krenki itaichapa oili kuwa povu na povu halilindi beringi.

Nunua kwa wakala anayejulikana, kagua ringi ya kifuniko na linganisha namba ya toleo na tarehe vilivyochapwa kwenye dumu. Oili feki ni nyingi, na kawaida hujazwa kwenye madumu halisi yaliyookotwa gereji. Ukimaliza kumimina, toboa dumu lako.