Tuma muhtasari wako, hata ukiwa Bukavu

Mdogo wangu, umeuliza kama mwanafunzi wa biolojia wa hapa Bukavu ana cha kupeleka kwenye mkutano wa mwaka wa Society for Developmental Biology, chama cha Marekani kilichoanza 1939. Anacho, tena kikubwa! Swali lao ni moja: yai linakuaje hadi kuwa mnyama mzima? Aliyesaidia sana kulijibu ni Xenopus, chura wa Afrika mwenye kucha. Mwanabiolojia Mwingereza John Gurdon alitoa kiini cha seli (sehemu inayobeba urithi, si ute wa njano wa yai) ya utumbo wa kiluwiluwi, akakipandikiza kwenye yai lililoharibiwa kiini chake, akapata viluwiluwi hai. Akapewa Tuzo ya Nobel ya 2012. Na jamaa za chura huyo wanaishi kwenye madimbwi ya Kivu yetu. Mayai yao yanakulia nje ya mwili, unafuata kila hatua kwa hadubini ya kawaida.

Ukituma muhtasari wa utafiti wako, omba nafasi ya bango, yaani karatasi kubwa ya kuonyesha utafiti huo ukutani, kuliko ya hotuba. Mbele ya bango ndipo profesa anasimama, anauliza, anakufahamu.

Barua ya mwaliko iombe mapema sana, maana viza ya Marekani inaombwa Kinshasa, na kufika huko tu ni gharama.