Lamu hadi New York: kwa nini saa za kwenda na za kurudi hazilingani

SWALI: Binti yangu atasafiri Januari kutoka Lamu kwenda New York kupitia Nairobi. Tiketi inaonyesha kuwa ndege itaondoka Nairobi saa tano usiku na kufika saa kumi na mbili asubuhi, yaani saa saba tu, ilhali wakala asema ni saa 15 kwenda na 14 kurudi. Umbali ni kiasi gani, na nani mkweli? – Msomaji, Langoni, Lamu

JIBU: Wakala wako ni mkweli, na tiketi pia haikosei. Kila uwanja huandikwa kwa saa za mahali pake, na mwezi Januari New York huwa nyuma ya Kenya kwa saa nane. Ziongeze kwenye zile saba, utapata 15. Kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Novemba tofauti hiyo hupungua ikawa saa saba.

Umbali kati ya Uwanja wa Jomo Kenyatta na ule wa John F. Kennedy ni takriban kilomita 11,840, yaani maili 6,390 za baharini, ukipimwa kwa kufuata mviringo wa dunia. Ukipiga rula kwenye ramani ya ukutani, katikati ya safari utaangukia karibu na pwani ya Mauritania. Ukivuta uzi juu ya tufe, katikati hiyo itakuwa jirani na Marrakech, kaskazini zaidi, na uzi huo ndio njia fupi. Hata hivyo rubani haufuati moja kwa moja, kwa kuwa njia za angani, hali ya hewa na anga zilizofungwa humlazimu kukengeuka.

Kinachotenganisha kwenda na kurudi ni upepo. Juu kiasi cha kilomita 10 hadi 12, upande wa kaskazini wa dunia, huvuma upepo mkali kutoka magharibi kwenda mashariki, na huzidi nguvu wakati wa baridi. Chukua ndege iendayo kilomita 900 kwa saa hewani: ikikabiliwa na upepo wa omo wa wastani wa kilomita 50, itabaki na 850 juu ya ardhi na kuhitaji karibu saa 14, ikisukumwa kutoka nyuma kwa kiasi hichohicho, saa 12 na nusu zatosha. Jumlisha muda wa ndege kutembea uwanjani, kupanda, kushuka na mikengeuko, ndipo utakapokaribia hesabu za wakala. Nahodha wa jahazi aliweza kungoja kusi au kaskazi. Ndege, ambayo Kenya Airways iliianzisha bila kituo njiani tarehe 28 Oktoba 2018, huruka upepo uwe wowote na kulipia kwa mafuta.

Sehemu ninayoihofia zaidi ni ile fupi. Manda, penye uwanja wa ndege wa Lamu, hadi Nairobi ni kama kilomita 450, lakini baadhi ya ndege za Lamu hutua Wilson, uwanja mwingine wa Nairobi, na kutoka hapo binti atapita barabarani, penye foleni, hadi Jomo Kenyatta. Kwa kuwa safari yake ni ya usiku, achukue ndege ya asubuhi kutoka Manda, si ya alasiri.