Kabla Hujaongeza Chupa Nyingine ya Mafuta ya Harufu

Juzi usiku nimepokea ujumbe wa binti mmoja wa Nachingwea anayeanza biashara ya mishumaa: "Shikamoo dada. Nina chupa 19 za mafuta ya harufu, ile ya 19 sijui ni nini, nimezitia kwenye ndoo. Kuna muuzaji wa Dar ananipa nyingine 6 kwa bei ya ofa. Nichukue?"

Marahaba, mdogo wangu. Usichukue. Na kwa kuwa najua hauko peke yako, wenye ndoo ni wengi, acha niseme hapa jambo ambalo kwa muda mrefu nilimwambia mama yangu tu.

Nilianza na chupa 6 hapa Mtwara mjini, na nilizijua kama watoto wangu. Kisha Mei 2024 kikaja Kimbunga Hidaya, barabara ya Dar ikakatika kule Somanga, mzigo wangu ukakwama. Nikaingiwa na hofu ya kuishiwa. Njia ilipofunguka nikaagiza kila harufu niliyoiona kwenye simu, na kufikia Septemba nilikuwa na chupa 31. Nilizipanga kwa jinsi zilivyoingia, za zamani nyuma, mpya mbele. Stika zake zilikuwa na majina matamu ya usiku wa kifalme na busu la jioni, majina yasiyokuambia ndani mna nini.

Novemba, msimu wa korosho umekolea na harusi zinafuatana, nikapata oda kubwa kuliko zote nilizowahi kupata: mishumaa 60 myeupe ya asumini, ya harusi ya Mikindani. Kila mmoja shilingi 6,000, nusu wametanguliza. Nilikesha kwa furaha.

Kila mshumaa ulikuwa wa gramu 100 za nta ya soya, jumla kilo 6. Mafuta naweka asilimia 8, kwa hiyo gramu 480, karibu chupa nzima ya nusu lita. Nilikuwa na chupa mbili zinazofanana za namna hiyo. Moja ya asumini, nyingine ya vanila iliyochanganywa na maua meupe. Nilikuwa nimeziandika kwa kalamu ya wino, na mafuta yalichuruzika shingoni yakafuta maandishi. Zote mbili zilibaki na doa la bluu. Nikafungua, nikanusa, nikasikia maua, nikamimina. Tangu asubuhi nilikuwa nanusa, pua imeshachoka. Na harufu ina tabaka: nyepesi hutangulia, nzito hukaa chini. Maua yalinipokea mlangoni, vanila ikabaki ndani imejificha.

Nikaiacha mishumaa siku 12, maana nta ya soya inataka wiki moja hadi mbili ndipo harufu ishike. Siku ya kupeleka nikafungua boksi la kwanza. Rangi ya chai ya maziwa. Tena si sawasawa: pembeni mwa glasi imekoza, katikati bado kuna weupe kidogo, kama chapati iliyoshika moto upande mmoja. Vanila ina kitu kinaitwa vanilini, na ndicho kinachoigeuza nta kuwa ya kahawia siku zinavyokwenda. Nilikuwa nalijua hilo. Nilishalisoma, nimeliandika mpaka kwenye daftari. Daftari lilijua, rafu haikujua.

Nilipeleka hivyo hivyo, nikidhani harufu itanitetea. Shangazi wa bibi harusi akaushika mmoja, akaugeuza, akaniuliza mbele ya watu: "Hii si imeshawahi kuwashwa?" Hakupaza sauti. Nimesamehe, ila sijasahau, na sidhani nitasahau. Nilirudisha shilingi 180,000 zao na nauli nikajilipia.

Wiki hiyo mama alinikuta nimekaa sakafuni na chupa zote 31. Hakuniuliza kitu. Akatandika kanga, akakaa, akasema nipe moja moja. Mama hasomi Kiingereza, na hilo ndilo lililonikomboa, maana stika hazikuweza kumdanganya. Nilimchovyea kila mafuta kwenye kipande cha karatasi, ananusa, anaweka fungu. Kila baada ya chupa tano sita anatoka nje kupunga upepo. Kufikia alasiri tulikuwa na mafungu matano, na majina aliyatoa yeye.

La kwanza, ya harusini: asumini, waridi, mlangilangi, kila kinachokaribia kikuba, kile kishada cha maua cha kujipambia. La pili, ya chetezoni: udi, ubani, liwa, ambari. La tatu, ya jikoni: vanila, nazi, karameli, mdalasini. La nne, ya shambani: ndimu, chungwa, mchaichai, mnanaa. La tano aliliita ya kufulia, nikacheka, lakini ndilo sahihi: zile harufu za pamba safi na upepo wa bahari, za shuka lililoanuliwa sasa hivi.

Baadaye nilisoma kwamba wauza manukato duniani hutumia gurudumu la Michael Edwards, lenye koo nne kubwa: maua, ambari, miti, na zile za ubichi na usafi. Ukiziweka pembeni ya kanga ya mama, tofauti si kubwa. Vitamu yeye kavipa fungu lake, na kwangu hilo ni muhimu kuliko gurudumu, kwa sababu ya zile 60.

Kwenye karafuu tuligombana kweli. Mama aliipeleka chetezoni, eti haiwezi kukaa na vanila, inataka heshima. Mimi nikasema ni kiungo, iende jikoni. Nikamwachia yeye, na mpaka leo mshumaa wangu wa karafuu na udi ndio unaotoka kuliko yote Ijumaa. Wenzangu, msikilizeni anayenunua anavyoiita harufu. Mteja wa Chikongola, hapa hapa mjini, hakuulizi habari ya tabaka la chini. Anakuuliza, "Una ile ya harusini?"

Basi panga mafuta yako. Mimi natumia kreti la soda lenye matundu 24, kila safu na fungu lake, chupa za kahawia zisizopitisha mwanga, na jina nimelifunika kwa selotepu ili mafuta yasilifute tena. Safu ya jikoni ina alama nyekundu: hapa pana vanila, usiguse kwa oda ya mishumaa myeupe. Kreti linakaa chini ya kitanda, si juu ya rafu karibu na bati, kwa joto hili letu. Za shambani nazinusa upya kila mwezi, maana ndimu na chungwa ndizo zinazoruka mapema. Ukizisahau miezi kadhaa unabaki na chupa ya kumbukumbu. Chupa 9 zilizozidi nilizigawa, kwa sababu nilikuta nina waridi nne zinazofanana. Hela yangu ilikuwa imelala mle kwa kutokujua.

Usiniambie huna muda. Muda wa kutazama ofa kwenye simu umeupata. Biashara yetu watu wanaiona ya mchezo, shemeji yangu mwenyewe aliwahi kusema nauza vya kusubiria umeme ukatike. Tukiwa na ndoo za chupa zisizojulikana, tunampa ushahidi. Mwezi uliopita nyumba moja ya wageni imeniomba mishumaa 40 ya chetezoni, na nilipimia mafuta saa hiyo hiyo bila kunusa chupa hata moja zaidi ya ile niliyoihitaji. Mkono ulienda wenyewe kwenye safu ya pili. Nilitamani yule shangazi angekuwepo.

Panga kwanza, mdogo wangu, ndipo utajua kama unakosa kitu. Huenda katika hizo 6 za ofa nne unazo tayari kwa majina mengine. Na ile ya 19 uliyoniandikia "sijui ni nini", usiitupe. Chovya karatasi, ifungie kwenye kopo safi lenye mfuniko usiku kucha, na asubuhi mpe mama yako anuse kabla hajanywa chai.