Mkopo wa Bodi na mshahara wa kompyuta: maswali kutoka Tanga

SWALI: Mwanangu amemaliza kidato cha sita, mchepuo wa PCM (fizikia, kemia na hisabati), na amepata nafasi ya shahada ya sayansi ya kompyuta Dodoma, miaka mitatu. Baba yake mdogo anasema mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu utamtafuna hadi uzee, bora asome stashahada hapahapa. Deni hili linalipika kweli?
Mama, Makorora

JIBU: Linalipika, mama, ila tupige hesabu kwanza. Chukulia amepewa mkopo kamili, ingawa wengi hupewa sehemu tu. Chakula na malazi ni shilingi 10,000 kwa siku. Kwa siku 240 za masomo ni 2,400,000. Tukiweka ada ya 1,300,000 na vitabu 200,000, mwaka mmoja unakula 3,900,000, na mitatu 11,700,000. Tuongeze 300,000 za mafunzo kwa vitendo, zinatimia milioni 12. Bodi nayo inatoza 1% ya uendeshaji, yaani 120,000. Deni lote: 12,120,000.

Shemeji yako huenda anakumbuka enzi za tozo ya kulinda thamani ya mkopo, 6% kila mwaka, na faini ya 10% kwa aliyechelewa. Wakati huo mtu alikatwa mshahara mwezi hadi mwezi na salio likagoma kushuka. Vyote viwili vilifutwa mwaka 2021. Siku hizi deni halizai.

Akiajiriwa, mwajiri atamkata 15% ya mshahara wa msingi, posho haziguswi. Tuseme ameanza kampuni binafsi kwa 800,000. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inachukua 80,000. Kodi inapigwa kwenye 720,000 zilizobaki, nayo ni 60,000. Bodi inachukua 120,000. Mkononi zinabaki 540,000, na hiyo ndiyo namba ya kupangia kodi ya nyumba na nauli. Kwa makato hayo deni linaisha baada ya miezi 101, miaka minane na miezi mitano. Mshahara ukiwa 1,200,000, ni miezi 68. Ukiwa 400,000, ambao wapo wahitimu wa kompyuta wanaoanza nao, ni miezi 202, karibu miaka 17. Usipige hesabu kwa mishahara ya Marekani inayozungumzwa mitandaoni. Huko hata ada na riba ni za kwao.

Kwa maoni yetu hatari kubwa si makato, ni kudisko. Anayeondolewa chuoni mwaka wa kwanza anadaiwa kila shilingi aliyokwisha kupokea, na shahada hana. Kwenye kompyuta wengi huangushwa na hesabu na somo la kuandika programu, hasa waliodhani watafundishwa kutumia Word na Excel. Kama kijana hesabu za kidato cha sita alizipenda, mpeleke shahada. Kama alizipita kwa kubahatisha, shemeji yako ana hoja: stashahada itampima kwa gharama ndogo zaidi.

Jambo jingine: mafunzo kwa vitendo aombe bandarini, kiwanda cha saruji au mamlaka ya maji hapo Tanga, na barua azipeleke mapema. Atalala nyumbani, na pesa ya mafunzo isiishie kwenye kodi ya chumba.

SWALI: Nimemaliza chuo zaidi ya miaka miwili iliyopita. Natengeneza tovuti na mifumo ya mauzo ya maduka, kipato hakitabiriki. Nisubiri ajira ndipo nilipe?
Mhitimu, Chumbageni

JIBU: Usisubiri. Muda wa kupumua ni miezi 24 baada ya kumaliza, na aliyejiajiri anahesabiwa kama mdaiwa mwingine: 10% ya mapato yanayotozwa kodi, na si chini ya 100,000 kwa mwezi. Omba taarifa ya deni lako Bodi, uilinganishe na pesa zilizoingia chuoni muhula kwa muhula, kisha ulipe kwa namba ya kumbukumbu ya malipo kupitia simu. Kila kazi ikilipwa, tenga fungu la Bodi siku hiyohiyo kabla hujanunua bando.

Ukiajiriwa, mwajiri ana siku 28 za kuijulisha Bodi. Onyesha stakabadhi zako mapema ili yale uliyokwisha kulipa yahesabiwe. Salio likifika sifuri fuatilia barua ya kusitisha makato, maana mhasibu asipoipata ataendelea kukukata.

SWALI: Mama anataka kukopa kausha damu, mkopo wa mtaani wenye riba kubwa, ninunue laptopu ya milioni na nusu kabla chuo hakijafunguliwa. Nimkubalie?
Kijana, Ngamiani

JIBU: Hapana. Mkopo wa milioni 1.5 kwa riba ya 20% kwa mwezi unadai 300,000 kila mwezi, riba tupu. Mkopo wa Bodi hauna riba. Wa kausha damu ndio utakaomuumiza mama.

Tafuta iliyotumika yenye Core i5 ya kizazi cha 8 au zaidi, RAM ya GB 8 na SSD (diski isiyozunguka) ya GB 256. Ile ya RAM GB 4 na diski ya kuzunguka ikwepe hata ikiwa bei ya kutupa, kwani Android Studio, programu ya kutengenezea app za simu, itaigandisha. Dukani iwashe bila chaja kwa nusu saa, fungua na kufunga bawaba, kisha ingia kwenye BIOS, mipangilio inayofunguka kabla ya Windows, uhakikishe haina nywila ya mwenye nayo wa zamani; fundi wa mtaani hawezi kuiondoa kwa kila aina. Bumu la kwanza, yaani pesa ya kujikimu kutoka Bodi, likichelewa, tumia maabara ya chuo.